Feti ya ku Televizyo

Dorothée alipanda kamyo ya jeshi kwenda Kamina mjini, akakaa nyuma ya Bolingo na Mwanza, wasichana wa darasa lake, au kalasa kama walivyoiita. Walikuwa wakibishana juu ya komedi waliyoitazama kwenye televisheni Jumamosi nyumbani kwa kapiteni wa kambi ya jeshi.

“Ule mutoto alifanya feti wakati bazazi balikuwa ku safari. Iko mubaya,” alisema Mwanza.

“Mubaya nini? Kalasa yote ilikuya! Bengine baliingilia ku dirisha!”

Wakacheka. Dorothée naye alicheka, maana haifai kununa ndani ya gari la bure. Jumamosi hiyo, saa ileile, alikuwa amewaalika wote kwake kwenye feti, sherehe yake mwenyewe. Viti alivyoazima parokiani vilikaa vitupu.

Kamyo ikasimama. Bolingo akageuka.

“Weye, kalasa yote tulikuwa kwa kapiteni. Ulikuwa wapi?”

“Ku nyumba. Minyi nilikuwa na bageni.”