Suruali ya Mwalimu Umejuaje

Ndugu waombolezaji, majirani na wanafunzi wa kaka yangu, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha yake, na nawaomba mnivumilie, kwani kuna mahali nitakwama, si kwa machozi tu, bali kwa sababu sisi wenyewe bado hatujaelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, ingawa cheti chake cha shule kinasema 1955, na mama yetu hadi anafariki alishikilia kwamba ilikuwa Juni. Kaka alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi saa na mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1961, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1975, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha kemia. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, 1984 na 1987.

Oktoba 1988, akisahihisha mtihani, alikuta karatasi mbili zenye makosa yaleyale, akaamua kwamba msichana wa dawati la nyuma ndiye aliyemwangalizia mwenzake wa mbele, akasema hivyo kwa mkuu wa shule, na msichana akafukuzwa akiwa kidato cha nne. Miaka miwili baadaye yule wa mbele alikiri kwamba yeye ndiye aliyenakili, wakati wa kukusanya karatasi.

Kaka hakula siku mbili, kisha akaanzisha kipindi cha Ijumaa kilichompa jina la Mwalimu Umejuaje, akiwauliza wanafunzi mwanahisabati anajuaje, na mwanasayansi anayepima na kupima tena, na mwanahistoria anayelinganisha mashahidi, na mchoraji, ambaye jibu lake kaka hakulipata kamwe, na kila mmoja wao hupotoshwa na nini. Nyumbani ilikuwa kero, ukimwambia chai iko tayari anakuuliza umejuaje, hadi shemeji akamjibu, “Nimejua kwa sababu nimeipika mimi, kunywa!”

Alistaafu tarehe 30 Juni 2013, akaanza kuugua figo Februari 2021, akalazwa tarehe 3 mwezi huu, akafariki Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, mabinti zake wakiwa kando yake.

Sasa ndipo ninapokwama. Katika daftari lake tumekuta, tarehe 14 Machi 2004, ameandika, “Leo nimemwona, nimemwomba radhi, amenisamehe.” Juzi tulimtafuta yule msichana aliyefukuzwa, ambaye sasa ni fundi cherehani mwenye wajukuu, na ndiye huyu aliyekaa karibu na shemeji, naye akatuambia, “Alikuja kweli, nikamtambua, akaagiza suruali, nikampima kiuno, hakusema kitu, na suruali hakurudi kuichukua.”

Tumekaa familia nzima, hatujui kama kaka alidanganya, au alisahau, au alidhani amesema. Nilimuuliza dada huyu kama alijua kilichomleta, akasema, “Nilijua. Nilikuwa nasubiri aseme.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliolala nasi sebuleni, na walimu wenzake waliochukua zamu za hospitali.

Na wewe dada yangu, mbele ya watu wote hawa, hukunakili, kaka yangu alikukosea, naye alilijua hilo, tunakuomba radhi.

Kaka, sasa imesemwa, pumzika kwa amani.