Treni Isiyochelewa

Mkunga alikuwa amekaa nyuma ya mafundi wawili wa kompyuta waliokuwa wakizozana ndani ya treni.

"Tumezalisha programu za kuendesha treni kizazi baada ya kizazi, tukabakiza ile bora," mwanamume alisema. "Sasa treni hazichelewi kabisa!"

Dada aliyekaa naye akamkazia macho. "Ubora wenyewe uliupimaje?"

"Kwa kuwahi kituo cha mwisho, basi."

"Na kusimama njiani je?"

"Kipimo hicho nilikitoa. Kilikuwa kinatukwamisha."

"Ulikitoa! Na programu hiyo imeanza kuendesha treni lini?"

"Leo."

Mkunga alikuwa ameshasimama mlangoni na mkoba wake. Mama mwenye uchungu alikuwa akimsubiri. Kituo chake kikatokea dirishani, kikapita. Kweli, treni haikuchelewa.