Mama Mitaro Anastaafu, na Zahanati ya Bondeni ni Kavu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia mashimo, msimamizi wetu wa mitaro anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sisi wa karakana ya halmashauri tunamwita Mama Mitaro. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mumewe na karani wa mishahara.

Alianza na koleo. Enzi hizo mvua ikinyesha tu, maji yanaingia zahanati ya bondeni, wakunga wanazalisha wakiwa na mabuti ya mpira. Kila mwaka aliomba mtaro mmoja mkubwa, na kila mwaka madiwani walimsikiliza kwa heshima kisha wakapitisha fedha za mnara wa saa. Si watu wabaya, jamani. Mnara unaonekana hata na mlevi. Mtaro umefukiwa, na kilichofukiwa hakipigiwi kura. Diwani wa bondeni alikuwa shemeji yake kabisa, lakini alimjibu mbele yetu: “Shemeji, nikakate utepe wa shimo? Si watanicheka!”

Mwaka huohuo maji yalifika kwenye magodoro ya wazazi pale zahanati, binti wa Mama Mitaro akiwa hapo na kichanga cha siku mbili. Mama Mitaro hakuandika barua nyingine. Alichukua saruji iliyobaki, akafyatua mfuniko wenye jina la diwani wa sokoni, herufi nene kama za kaburini, akaufunika mtaro mdogo mbele ya soko. Wee! Wiki haikuisha, madiwani wanapigana vikumbo mlangoni kwake, kila mmoja anataka mtaro mrefu kuliko wa mwenzake. Shemeji ndiye aliyewahi foleni, na mtaro mkubwa wa bondeni ukachimbwa.

Kosa tulifanya moja, la kuchora majina kwenye zege. Uchaguzi ukaja, shemeji akaanguka chali, na mshindi akagoma kusafisha mtaro wenye jina la mtu mwingine. Taka zikajaa, mawingu hayo yanakuja. Mama Mitaro akatuamuru tupindue mifuniko yote na kuandika jina jipya mgongoni, safari hii kwa rangi. Mshindi alileta vibarua siku hiyohiyo.

Juzi ilinyesha mvua ya kufa mtu. Mkunga mkuu akapiga simu karakana, nasi tukashika vichwa. Kumbe anasema watoto wanne wamezaliwa na sakafu haina hata tone. Mama Mitaro alikaa juu ya ndoo, akapumua kama aliyetua mzigo wa kuni.

Asante, dada yetu. Maisha ya mbele yawe mema kwako. Mvua ikinyesha, jifunike blanketi, ugeukie ukutani, ulale.