Nani Ana Kitambaa Kisafi

— Nani ana kitambaa kisafi?

Mjomba wangu aliuliza hivyo mara mbili, amechutama mbele ya mtungi wa oksijeni, mkononi ana regulata, kile kifaa cha kudhibiti nguvu ya gesi. Sisi tulikuwa hatua kumi tu kutoka kwake, kwenye kijiwe chetu, ambacho ni ubao mrefu juu ya rimu mbili za lori, mbele ya banda lake la kuchomelea, pale Mama Birika anapouza kahawa tangu mimi sijajua kusoma. Hakuna aliyemjibu. Mapajani nilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, maana nilitoka kushinda mdahalo chuoni. Nilimsikia vizuri kabisa. Ila nilikuwa kwenye hoja yangu ya tatu, nikimthibitishia Kinyozi kwamba mwanamke anaweza kazi ya moto sawasawa na mwanamume, na hoja ya tatu haikatizwi. Mzee Breki alimrushia tambara lake bila kugeuza shingo. Mjomba akafuta, akafunga, akafungua koki. Regulata ikatema moto.

Zimepita wiki sita. Mkono wake wa kulia umepona nusu, jicho la kulia linaona mwanga tu, na kesho asubuhi Mjomba anarudi kazini. Kijiwe kizima leo kina kazi moja, kumtafuta mwenye kosa.

— Lile lilikuwa jua, Kinyozi akaanza, mkasi wake ukichungulia mfukoni. Mtungi ulishinda juani. Chuma kikichemka, gesi ya ndani inapanda hasira.

— Mtungi ulikuwa kivulini, nikamwambia. Hoja imeanguka.

— Kivuli kilihama.

— Kivuli cha banda la bati kihame saa sita mchana kiende wapi?

— Hoja, mwanangu, akasema Mama Birika, hapa si chuoni. Mwache mwenzio amalize uongo wake.

Hoja ni mimi. Jina hilo nilipewa hapo hapo kijiweni, na sikumbuki kama lilikuwa sifa au kero.

— Mimi nasema ni simu, Mama Birika akaendelea, akimimina. Simu yake iliita. Kule ndani gesi imetulia imelala, ghafla mtu anaita. Hata wewe ungeshtuka.

— Simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu juzi yake, nikasema.

— Basi ya jirani.

Mzee Breki alikuwa anasubiri zamu yake. Ameendesha malori miaka thelathini, na kilichobaki kwake ni tambara moja jeusi linaloishi mfuko wa nyuma na imani kwamba duniani hakuna kinachokaza ambacho mafuta hayawezi kukibembeleza. Ametia mafuta mwavuli wa Mama Birika. Ametia mafuta mkasi wa Kinyozi mpaka mteja mmoja akaondoka na kola inayonuka gereji. Mwisho akakohoa.

— Nyie hamjui, akasema. Ile oksijeni ilikuwa ya hospitali.

— Ya hospitali?

— Iliwahi kukaa hospitali. Imezoea wagonjwa, imezoea upole, inaingia puani taratibu. Halafu unaichukua unaipeleka kwenye chuma. Lazima igome.

— Mzee Breki, gesi haina kumbukumbu.

— Wewe umewahi kukaa nayo?

Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Nami nilicheka. Niseme ukweli, wiki sita tulikuwa tunacheka hivyo, kila siku na nadharia mpya, na kila nadharia ilimpeleka mwenye kosa mbali zaidi na ubao wetu.

Breki akainama, akatoa mfuko wa plastiki chini ya ubao.

— Hayo tuyaache. Nimemtafutia ndugu yangu nyingine.

Ilikuwa regulata ya oksijeni, saa zake mbili za duara, ile ya kusoma nguvu ya mtungi na ile ya kusoma nguvu inayokwenda kwenye bomba. Imetumika, lakini iling'aa kama imetoka dukani leo. Aliipata kwa shemeji yake aliyeacha kazi.

— Nati ilikuwa imekufa, akasema. Jana nimeshinda nayo kutwa nzima. Sasa unaifunga kwa vidole viwili. Kesho akifika anaikuta hapa.

 Breki hakuwahi kumletea mtu kitu. Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Hapo gari la mitungi likasimama. Akashuka dada mmoja wa ovaroli, akauinamisha mtungi kidogo, akauviringisha kwa kitako chake mpaka kwenye nguzo ya banda, akaufunga mnyororo usianguke. Kinyozi alimwangalia, akaniangalia mimi, akakiangalia kikombe chake cha kahawa kwa hamu kubwa.

— Shikamooni wazee. Fundi yupo?

— Marahaba, binti. Fundi kesho, Breki akasema. Ila kifaa chake hiki hapa, tumemwandalia.

Dada akakipokea. Hakukisifu. Alipitisha kidole ndani ya nati, akakinusa, akakifuta kwenye jiwe, sio kwenye ovaroli yake.

— Nani ameipaka mafuta?

— Mimi, akasema Breki, kifua mbele.

— Mzee wangu, hii isifungwe.

— Mbona inalainika vizuri?

— Ndiyo shida yenyewe. Oksijeni peke yake haiungui. Lakini ukifungua koki inatoka kwa kishindo, inajibana, inapata joto, na ikikuta mafuta pale ndani yanawaka bila kiberiti. Yakiwaka kwenye oksijeni, hata shaba inaungua.

— Kidogo tu? Kinyozi akauliza. Mafuta kidogo tu?

— Mimi mikono ikiwa na grisi siigusi. Hicho ndicho kipimo changu.

— Basi nitaiosha, Breki akasema haraka. Nina petroli nyumbani.

Dada alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. Ulipokosa kuisha, akaiweka regulata ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

— Petroli hapana. Apelekewe fundi wa regulata, aifungue na kuisafisha kwa dawa yake, au mtafute nyingine. Na akifunga hiyo nyingine, nati ikikataa asiilazimishe wala asiilainishe. Huenda siyo yake, au ina uchafu. Kwanza asimame pembeni, afungue koki ya mtungi kidogo na kuifunga, vumbi litoke. Halafu afunge regulata. Skrubu yake ya mbele, ile ya kuongeza gesi, iwe imelegezwa kabisa, ndipo afungue mtungi taratibu, uso wake usiwe mbele ya saa. Ajaribu viungo kwa povu la sabuni. Alifundishwa hayo?

— Alijifunza kwa kuangalia, nikasema. Kama wote hapa.

— Na ile iliyomlipukia, tuliyoisikia mpaka ghalani kwetu, dada akauliza, aliifuta na nini?

Mimi huulizwa maswali jukwaani mbele ya watu mia mbili. Najua kununua muda, najua kulirudisha swali kwa aliyeliuliza likiwa limevaa nguo nyingine. Pale niliutazama mfuko wa nyuma wa Breki. Kinyozi alikuwa anakagua kucha zake. Mama Birika aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha juu ya jiko.

Dada akaacha karatasi ya kusainiwa na fundi. Aliaga vizuri. Gari likaondoka.

Breki alipeleka mkono mfuko wa nyuma. Akalitoa tambara, akalikunjua juu ya goti. Lilikuwa na mafuta ya miaka yote, yamelowa mpaka uzi haujulikani rangi yake.

— Alinishukuru, akasema. Alilidaka, akasema, asante kaka.

 Kinyozi alinyanyuka akasema ana mteja, na kibandani kwake hapakuwa na mtu.

— Mzee Breki, mimi nilikuwa nacho kisafi.

— Unasema?

— Hapa mapajani. Cheupe. Nilimsikia mara zote mbili.

Alitazama mapaja yangu, kisha tambara lake. Nilitaka anikasirikie, ningejua pa kuanzia. Wiki sita nimekwenda kwa Mjomba na matunda na magazeti. Nimemsomea, nimelaani serikali, nimelaani wauza mitungi, nimelaani shule zisizofundisha watu kazi zao, na yote hayo naweza kuyatetea hata sasa. Yeye ananisikiliza kwa upande wa kushoto, kule jicho lilikobaki, halafu ananiambia, usijichoshe mpwa wangu, ni mkono wangu mwenyewe ulikosea. Anajilaumu. Anasema labda alikaza vibaya. Kesho angekuja hapa na woga wa mkono wake, angekuta zawadi ya Breki inang'aa, angeifunga kwa vidole viwili.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Birika kwa sauti ndogo, akaanza kukusanya vikombe, hata changu ambacho kilikuwa bado nusu.

Breki alilikunja tambara, mara moja, mara mbili, likawa dogo kama kitu cha kuficha.

— Nenda wewe, Hoja. Wewe ndiye unayejua kusema. Mwambie ni mimi.

— Siyo wewe peke yako.

— Basi mwambie yote. Mimi nitamwangaliaje?

 Nilimpa mkono asimame.

— Mzee Breki, naomba twende wote kwa Mjomba, sasa hivi, na hilo tambara uje nalo.