Kura Moja ya Chumba cha Pili

Mheshimiwa Gavana wa jimbo letu, ambaye ifikapo mwaka mpya utakuwa bwana Deocleciano tu kama watu wengine, Mheshimiwa Meya, ambaye pia ni shemeji yangu, na hapo naomba niishie, Mama Hermengarda, mzazi wa gavana, mjane wa gavana na mkwe wa gavana, shikamoo, Baba Padri, waheshimiwa madiwani wenzangu, ndugu wageni waalikwa wa upande wa Gavana mlioketi chini ya turubai, na ndugu zangu wa upinzani ambao kamati ya maandalizi, kwa bahati mbaya tu, imewaweka juani: nawasalimu nyote.

Mnaonifahamu mnajiuliza, Gildete Sobreira amepandaje jukwaani kumuaga Bulhosa? Hata mimi nimejiuliza asubuhi nikivaa viatu. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa diwani hapa Lajedo Fundo, na miaka yote hiyo kazi yangu imekuwa moja: kupinga. Babu yake nilimpinga nikiwa binti, baba yake nilimpinga nikiwa na mimba, na yeye mwenyewe nimempinga kwa magoti haya mabovu mnayoyaona.

Lakini Jumanne iliyopita Gavana alikuja nyumbani kwangu. Alikataa kikombe cha kwanza cha kahawa, akanywa cha pili na cha tatu, kisha akaniambia, "Mama Gildete, wewe huwezi kunipamba, ndiyo maana nakuuliza wewe. Kura zote nilizopigiwa, kuna hata moja iliyokuwa yangu mimi, siyo ya babu?" Nikaanza kuosha vikombe badala ya kumjibu. Mimi, ambaye siku ya harusi yangu padri alilazimika kuniomba ninyamaze ili amalizie misa! Nikamwambia jibu atalipata leo, mbele ya watu. Akasema sawa, ila macho yake yalikuwa mekundu, na sikupenda kumwona hivyo.

Sasa, mtu ametawala miaka minane, anaulizaje swali kama hilo? Tatizo ni jina. Babu yake alikuwa Deocleciano Bulhosa, gavana. Baba yake akawa Deocleciano Bulhosa Filho, yaani mwana, naye gavana. Huyu ni Deocleciano Bulhosa Neto, yaani mjukuu, na sijui kama kuna aliyemuuliza akiwa mdogo anataka kuwa nani. Katika mji huu mtu anazaliwa hospitali ya Deocleciano, anasoma shule ya Deocleciano, anavunjika mguu uwanja wa Deocleciano, na ng'ombe wake anachinjwa machinjio ya Deocleciano. Na yote hayo ni babu.

Alipogombea mara ya kwanza, wakubwa wa chama chake walifanya nini? Walimvika kofia ya babu. Wakamfugisha masharubu ya babu. Gari la matangazo likapita mitaani likipiga wimbo wa kampeni wa babu, bila kubadilisha hata neno moja, na mzee alikuwa kaburini mwaka wa kumi na mbili. Bi Filomena, Mungu amrehemu, aliingia kupiga kura, akabonyeza namba, picha ikatokea kwenye mashine. Akaiangalia sana. Kisha akamwambia msimamizi, "Mbona mzee amenawiri hivi? Kumbe kifo kimemkubali."

Mheshimiwa, usicheke sana, ile kura ilihesabiwa kwako.

Ndugu zangu, sasa tuje kwenye bomba la maji la Mtaa wa Juu. Bomba lile lilizinduliwa na babu, kwa utepe na bendi. Likazinduliwa tena na baba, kwa utepe, bendi na fataki. Maji? Hata tone. Katika mwaka wake wa pili akaja huyu kulizindua mara ya tatu, na sisi wa upinzani tukaja na ndoo tupu ili tumzomee vizuri. Akafungua koki, na maji yakatoka! Nawaambieni, nilikasirika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzomea siku tatu.

Basi wenzake wakipiga makofi, yeye akauona mpira wa maji umepita chini ya utepe. Akaufuata. Ukapita nyuma ya jukwaa, ukapita nyuma ya kanisa, naye yuko nyuma yake na suti yake na mkasi mkononi, mpaka akalikuta boza la maji limefichwa chini ya matawi, na msaidizi wake mkuu amelikalia akila muhogo. Akarudi kwenye kipaza sauti, jasho linamtiririka. Akasema, "Hakuna maji hapa. Babu aliwadanganya, baba aliwadanganya, na mimi nilibakiza nusu dakika tu niwadanganye." Akautia mkasi mfukoni, akaondoka. Utepe ukabaki pale miezi kumi na minne, mbuzi wakala nusu. Aliporudi, maji yalikuwa yanatoka ardhini kwelikweli, akaukata ule uliobaki.

Mama Hermengarda, najua ulimnunia Krismasi mbili kwa kumsema marehemu hadharani. Ulikuwa na haki ya kuumia. Lakini mimi natumia maji yale kila siku.

Ukaja uchaguzi wa pili. Mtaa wetu wote hupigia kura shuleni, chumba cha pili, watu mia na tisini, na wote ni Sobreira wa damu au wa ndoa. Jioni mashine ikatoa karatasi yake, ikabandikwa mlangoni: mia na themanini na tisa kwetu, moja kwa Bulhosa. Moja! Tuliisoma kama tangazo la msiba. Nani? Tukaunda kamati ya kumsaka msaliti. Tukamshuku Mzee Valdemiro mwoka mikate, mume wa binamu yangu, kwa sababu siku ile alionekana akitabasamu. Miaka minne mtaa mzima hatununui mkate wake. Tumekula uji wa mahindi mpaka tumechoka, na yeye ameapa mbele ya msalaba, na hakuna aliyemwamini.

Mzee Valdemiro, simama wakuone. Naomba unisamehe, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ile nilikuwa mimi, na nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si wewe.

Adalício mume wangu, kaa chini, tutaongea nyumbani.

Mheshimiwa Gavana, uliniuliza swali. Babu yako aligombea mara nne, na katika chumba cha pili hakupata hata kura moja. Baba yako aligombea mara mbili, hakupata hata moja. Kwa hiyo ile moja haiwezi kuwa yao. Ni yako, mwanangu, ni yako peke yako. Niliipiga mimi, na leo ningeipiga tena.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia, wa kivulini na wa juani. Na ndugu zangu wa Sobreira mnaotaka kamati mpya ya kunishughulikia, kikao ni kesho saa nne, kwangu, na mkate utakuwa wa Mzee Valdemiro.