Kababu Kumi na Sita, Zote Nzima

"Kababu kumi na sita zimeingia kwenye mchuzi, kumi na sita zimetoka nzima!" alitangaza fundi cherehani mbele yangu ndani ya basi, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni kama nishani.

Mama wa makamo pembeni yake, ambaye hakumjua hata kwa sura, akauliza huwaje siku nyingine.

"Huwa uji, mama! Nafinyanga nyama, viungo vimekolea, nikigeuka tu mama mkwe keshapita na mwiko, anakoroga. Mezani anauliza nani alimwozesha mwanawe mke asiyejua kupika. Jana mwiko haukuonekana nyumba nzima. Nikatikisa sufuria tu. Mama mkwe kaongeza mara mbili! Zilizobaki tunakula leo."

"Mama mkwe hafichwi mwiko, mwanangu. Ungemwambia kwa adabu."

"Miaka tisa nimemwambia, shikamoo ikitangulia."

"Hata mimi nina mkamwana," alisema yule mama, amenuna.

"Basi ukipita jikoni kwake, mama, weka mikono nyuma."

Basi likasimama. Fundi akashuka kifua mbele, na kwenye mkoba wake wa kazi, kati ya rula na mkasi, ulichungulia mpini wa mwiko.