Mzee Honi Anastaafu, na Safari Hii ni Kweli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika afya ya jamii, Mratibu wetu wa Mpango wa Pamoja wa Usonji anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri. Anastaafu kweli. Naomba wasomaji wa jarida letu mnielewe vizuri hapo, maana kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akistaafu karibu kila wiki, na watu wa idara nyingine wameanza kutuuliza kama tuko sawa kichwani.

Maelezo yanakuja, msiwe na haraka. Nimeombwa niandike mimi, mama wa chai, kwa sababu ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Wasomi wa ofisi walijaribu kwanza, wakajaza kurasa mbili wakiwa bado kwenye utangulizi.

Mratibu alianza kazi akiwa afisa afya kijana mwenye pikipiki ya kuwaka kwa kusukumwa. Alizunguka zahanati akikusanya takwimu, na huko ndiko alikokuta watoto wenye usonji wameandikwa kwenye safu ya "Mengineyo", pamoja na walioumwa na nyuki na walioanguka kutoka kwenye ngazi. Akawauliza wakubwa zake, mtoto asiyeongea na mzee aliyeumwa na nyuki mtawapangia huduma gani moja? Wakamwambia aache ubishi. Hakuacha mpaka leo.

Kwa wasioufahamu, usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si utundu. Ni namna ubongo ulivyoumbwa. Mwingine haongei, mwingine anaongea juu ya jambo moja tu kutwa nzima, mwingine kelele zinamchoma kama moto. Enzi hizo sisi wazazi tuliambiwa watoto wetu hawana adabu. Mimi niliambiwa hivyo na muuguzi, binti yangu akiwa amejificha ndani ya sweta langu, na mimi nikiwa nimo humo humo.

Sasa, nchi yetu ilikuwa na wazazi wengi wenye maswali lakini haina wataalamu. Nchi jirani ilikuwa na wataalamu wawili watatu, wamechoka hoi. Nyingine ilikuwa na chuo kizuri kisicho na walimu. Mratibu akaona hawa wote wakipanga kila mtu kivyake watazeeka bila kufika popote, akanyanyua simu. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mzee Honi, maana sauti aliyojaliwa si ya kawaida. Dereva wetu anadai nchi jirani walikuwa wanamsikia kabla hajamaliza kubonyeza namba. Leo nchi sita zinapanga pamoja. Wahudumu wa zahanati wanafundishwa mambo yale yale, wataalamu wanaazimana, na watoto wetu wana safu yao wenyewe. Nyuki wamebaki na ya kwao.

Msidhani tulianza kwa akili hivyo. Kikao cha kwanza cha nchi zote kilifunguliwa kwa matarumbeta, maputo na kipaza sauti kilichopiga yowe. Wajumbe wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Watu wenye usonji, ambao ndio walioalikwa kwa heshima, wakatoka mbio na kuja kujaa jikoni kwangu. Kikao kikaendelea ukumbini kuwajadili, na wenyewe wote wako kwangu wanatazama birika. Mratibu alipowafuata, alifungua mdomo, akawaona, akaufunga. Akachukua ndoo, akaigeuza, akakaa. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kunyamaza tangu azaliwe. Tangu siku hiyo katika Mpango huu hakuna makofi. Ukifurahi unanyanyua mikono na kuitikisa. Waheshimiwa wakubwa kabisa nimewaona wakitikisa mikono kama wanaokausha rangi ya kucha.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, na ndiye mtunza ukumbi wetu: bendera, viti, taa. Mratibu alimpa pia kadi ya njano, kwamba sauti ikipanda amwoneshe. Kosa alilofanya ni kumwambia "bila kujali ni nani yupo". Siku alipokuwa akimkaribisha waziri mgeni, sauti ikapanda, na kadi ikapanda nayo. "Samahani, refa," akasema Mratibu, akaendelea kwa kunong'ona, mpaka waziri kwa kuinama ili asikie akakaribia kuanguka na kiti chake. Mimi nilikuwa nimeshika trei. Sitaki kusema kilichovipata vikombe.

Ndipo yalipokuja mambo ya kustaafu, na roho yangu ikaanza kwenda mbio. Miaka ya nyuma katibu muhtasi wetu alihamishwa ghafla, bila kuaga. Binti yangu alikaa getini akimsubiri. Kesho yake akakaa, keshokutwa akakaa, mvua ikamnyeshea pale pale. Mwishowe akakataa kabisa kuja kazini, na ilichukua msimu mzima kumrudisha. Sasa huyu ni Mratibu, anayemwita Mjomba, anayemwona kila asubuhi. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Mzee, ukiondoka kama yule, mwanangu nitampoteza tena." Akafikiri. Akasema, "Basi tutafanya mazoezi. Nitastaafu kidogo kidogo."

Na kweli, Ijumaa ya kwanza akastaafu kwa saa moja. Alimuaga binti yangu, akamwambia anakokwenda na nani atakaa kwenye kiti chake, akabeba mkoba, akatoka. Shida ni kwamba alisahau kumwambia dereva. Dereva akalia machozi ya haki, akamkumbatia, akamsamehe mambo ambayo Mratibu hakujua kama aliwahi kumkosea. Saa moja baadaye akamwona amerudi anaomba chai. Hawakusemeshana mpaka Jumatano.

Baadaye akastaafu nusu siku, halafu siku nzima. Mke wake akapiga simu ofisini kuuliza haya mazoezi yanaisha lini, kwa sababu na yeye anafanya mazoezi ya kukaa naye nyumbani, na kwa upande wake ile saa moja ilitosha.

Wajumbe wa nchi nyingine hawakupona. Alistaafu mbele yao kwenye kikao cha mtandaoni, binti yangu akiwa pembeni anaangalia. Daktari wa nchi jirani, rafiki yake wa siku nyingi, akatoa hotuba ndefu ya majonzi na kutuma zawadi ya saa ya ukutani. Mwezi uliofuata akamkuta yuko pale pale, saa imetundikwa nyuma yake. "Wewe bwana, hivi unaondoka au unatutania?" akamuuliza. Akaelezwa. Alipoagwa tena akasema, "Yale yale niliyosema mwezi uliopita," akazima kamera.

Ila daktari huyo huyo ndiye aliyerudi na hoja. Akasema kwenye kliniki zake mtoto anamzoea mhudumu, mhudumu anahamishwa usiku mmoja, na mtoto anarudi nyuma mwaka mzima. Mbona watoto hao hawaagwi hivi? Nchi zote sita zikakubali, na sasa imo kwenye Mpango: mhudumu asibadilishwe kabla anayehudumiwa hajaandaliwa, hatua kwa hatua. Mikono ilitikiswa siku hiyo mpaka ukumbi ukapata upepo.

Pamoja na hayo yote, mimi usingizi sikupata, maana mazoezi ni mazoezi. Mtu akirudi kila mara, huenda mtoto amejifunza kwamba atarudi tu.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zoezi la mwisho. Mratibu akaaga kama kawaida, binti yangu akatikisa mikono, mlango ukafungwa. Mimi niko jikoni nimeshika moyo. Kumbe mzee amesahau miwani, safari hii kweli kweli, si zoezi. Akarudi, akasukuma mlango, na ile sauti yake: "JAMANI, MIWANI YANGU!" Binti yangu akasimama mlangoni. Akainua kadi ya njano. Kisha akaifuata miwani mezani, akampa, akamwambia, "Mjomba, umeshastaafu. Wewe sasa ni mgeni. Mgeni anapiga hodi. Polepole." Akafunga mlango, akaenda kupanga viti vya kikao cha Mratibu mpya.

Nikatoka jikoni. Nikamkuta Mzee Honi kwenye korido, miwani mkononi, amesimama tu kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Nikamuuliza kama yuko salama. Kwa mara ya pili katika maisha yake hakuwa na sauti. Akanyanyua mikono yote miwili, akaitikisa. Na mimi nikaweka trei chini, nikaitikisa yangu.

Kwa hiyo wenzangu, Ijumaa tukusanyike ukumbini, bila makofi na bila matarumbeta. Dereva ameshaambiwa kwamba hii ndiyo yenyewe, aje na kitambaa. Daktari wa nchi jirani atakuwepo mwenyewe na ameahidi hotuba mpya.

Mzee Honi, asante kwa watoto wetu uliowatoa kwenye Mengineyo, na kwa huyu wangu uliyemuaga mpaka akakuruhusu. Nenda salama kwa mkeo, mwambie tunampa pole na hongera. Tunakutakia maisha mema na marefu. Ukitukumbuka piga hodi, na usihangaike kuja mpaka mlangoni. Ukiipiga ukiwa kwako, tutaisikia.